Nusu kilo ya sarafu za Kichina zenye tundu: mzigo mzuri, seti feki, na apu ya simu isiyojua kugeuza sarafu

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke kusoma yote. Nusu kilo ya sarafu mchanganyiko za enzi ya Qing (ukoo wa mwisho wa kifalme China) niliyoagiza kwa muuzaji wa Uingereza: nyota nne kati ya tano. Seti ya "wafalme watano" yenye kamba nyekundu niliyonunua kwenye soko la mtandaoni: nusu nyota, na hiyo nusu ni ya kamba, maana kamba kweli ni nzuri. Apu ya simu ya kutambua sarafu kwa picha: nyota moja. Mizani ndogo ya sonara na vernia ya digitali, kile kifaa cha kupimia kipenyo: tano tano, hivi ndo vilinifaa kuliko kitu kingine chochote. Majina ya wauzaji siyataji, naongelea vitu vyenyewe, na anayetaka kuanza kukusanya hizi sarafu za kale za China atajua cha kuangalia kabla hajatoa hela.

Kwa ambao hawajawahi kuziona, ni zile za mviringo zenye tundu la mraba katikati na maandishi ya Kichina kuzunguka tundu. Umbo hilo walilishikilia zaidi ya miaka elfu mbili, toka enzi za Qin aliyeiunganisha nchi mwaka 221 kabla ya Kristo mpaka utawala wa kifalme unaanguka 1912, kwa hiyo mtu akikuambia anakuuzia "sarafu ya kale ya China" hajakuambia kitu bado. Inaweza kuwa na umri wa miaka elfu mbili, inaweza kuwa ya wakati Wajerumani wanajenga reli Tanga, inaweza kuwa ya mwezi uliopita.

Sasa mzigo wenyewe. Ulikuja kwenye mfuko wa plastiki ndani ya boksi, vumbi tupu, ukizishika dakika mbili mkono unanuka shaba siku nzima. Tangazo lilisema hazijachambuliwa, na mi naamini hakudanganya sana kwa sababu kama kweli angezichambua kuna moja asingeiacha humo ndani, nitaifikia. Ni zaidi ya mia, kwa bei ambayo kwa sarafu moja moja inatoka chini ya soda mbili za hoteli kubwa, na hilo linashangaza watu lakini ndo ukweli wa soko: Wachina walisubu hizi sarafu kwa mabilioni, umri peke yake haufanyi kitu kiwe ghali. Nyota moja nimeikata kwa sababu kama robo ya mzigo imechakaa mpaka mgongo hausomeki, na sarafu ya Qing isiyosomeka mgongo ni nusu sarafu.

Hapo kwenye mgongo ndo pa kutulia. Wanaoanza wote wanakazania mbele, wanatafuta jina la mfalme, wakilipata wanaona kazi imeisha. Mbele ni rahisi. Kwenye sarafu za Qing herufi ya juu na ya chini ndo jina la utawala, ya kulia na ya kushoto zinasomeka Tong Bao karibu kwenye zote, hizo usihangaike nazo kabisa. Unabaki na jozi kumi tu za kukariri: Shunzhi (1644–1661), Kangxi (1662–1722), Yongzheng (1723–1735), Qianlong (1736–1795), Jiaqing (1796–1820), Daoguang (1821–1850), Xianfeng (1851–1861), Tongzhi (1862–1874), Guangxu (1875–1908) na Xuantong (1909–1911). Ukishazijua unagawa mzigo mafungu kumi mezani unajiona profesa. Lakini fungu la Qianlong litakuwa limefura kuliko mengine yote, jamaa alikaa kwenye kiti miaka 60, na mbele zote ni herufi zilezile, sasa utazitofautishaje? Unageuza.

Watawala wa Qing hawakuwa Wahan, yaani Wachina walio wengi, walikuwa Wamanchu wa kaskazini mashariki, na lugha yao waliiandika kwa herufi zinazoshuka kutoka juu kwenda chini. Kushoto kwa tundu kuna neno boo, toka Yongzheng kuendelea utalikuta karibu kila sarafu, na kulia ndo pana jina la kiwanda kilichoisubu. Boo Ciowan ni kiwanda cha Wizara ya Mapato pale Beijing, Boo Yuwan ni cha Wizara ya Ujenzi, hapohapo Beijing, na hivi viwili ndo vingi ajabu, kwenye mzigo wangu vimekula karibu nusu. Halafu zinakuja za mikoani: Boo Su ya Suzhou, Boo Je ya Zhejiang, Boo Yūn ya Yunnan kwenye migodi mikubwa ya shaba, Boo Cuwan ya Sichuan, Boo Giyan ya Guizhou, Boo Fu ya Fujian, Boo Jyi ya Zhili na nyingine. Qianlong wa Beijing ni wa kumwaga, Qianlong wa kiwanda kidogo kilichofanya kazi miaka michache watu wanamgombania, na mbele wote wawili sura moja.

Nilipoziona hizo herufi mara ya kwanza nikasema mbona kama Kiarabu kilichosimamishwa wima, na kumbe sikuwa naota, Wamanchu walizitoa kwa Wamongolia, Wamongolia walizipata kwa Wauyghuri, Wauyghuri kwa Wasogdia, na mizizi yake inaishia kwenye Kiaramu ambako na Kiarabu ndo kimetokea. Na nukta huku ni kila kitu. Mwaka 1632 msomi wao Dahai aliongeza nukta na viduara pembeni ya herufi ili sauti zisichanganyike, kwa hiyo sarafu iliyochakaa ikipoteza nukta moja unahama mkoa mzima bila kujua. Aliyepita madrasa anajua ba, ta na tha zinavyokuwa zikifutika nukta, basi ni mateso hayohayo ila kwenye shaba ya milimita 25. Nimechapisha jedwali la majina ya viwanda kwenye karatasi moja, nikaipiga laminesheni, nakaa na lenzi ya mara kumi naenda taratibu. Cha kwanza angalia urefu wa neno la kulia na idadi ya meno yake, ndo uje kwenye nukta. Su ni fupi, Ciowan ni ndefu inajaza upande wote, ukizoea hizo mbili nyingine zinajipanga zenyewe.

Yongzheng kwenye mzigo nilipata chache tu na nilitegemea hivyo, alitawala miaka 13. Ni kubwa, zimekaa kitajiri, na kwenye hao watano wa mwanzo yeye ndo mgumu kumpata.

Fungu ninalolipenda mimi ni la Kangxi. Mgongoni sarafu zake za mikoani zina lugha mbili, jina la kiwanda kwa Kimanchu kushoto na kwa Kichina kulia, kwa hiyo hata mgeni ana pa kushika. Wachina walizitungia shairi la herufi 20, mistari minne ya tano tano, kila herufi kiwanda kimoja: Tong Fu Lin Dong Jiang, Xuan Yuan Su Ji Chang, Nan He Ning Guang Zhe, Tai Gui Shan Yun Zhang. Kuna watu walikuwa wanazikusanya zote ishirini wanazitunga kwenye kamba wanavaa kama hirizi. Mzigo wangu umenipa kama nusu ya shairi, na anayejua ataniambia ile Tai ya Taiwan nisiitegemee kwenye mzigo wa bei hii, na kweli haikuwemo. Uzito wa Kangxi usikutishe ukiona unapanda na kushuka, mwaka 1684 serikali iliupunguza na mwaka 1702 ikaurudisha juu, kwa hiyo nyepesi na nzito zote zinaweza kuwa halali, na kumbe uzito unakusaidia kujua ni ya kipindi gani cha utawala wake.

Kuna Kangxi mmoja wauzaji wanampigia debe sana, anaitwa Luohan, alisubiwa 1713 mfalme alipotimiza miaka 60 kwa hesabu yao. Unamjua kwa herufi ya chini, Xi, imekosa mstari mmoja wa wima upande wa kushoto. Hadithi ya mtaani ni kwamba waliyeyusha sanamu za dhahabu za watakatifu wa Kibudha ndo maana shaba yake inang'aa njano, hadithi tamu, inauza vizuri. Kwa sababu hiyohiyo feki zake ni nyingi kuliko zenyewe.

Shunzhi naye mfupi ila ana mambo. Miaka yake 18 mgongo ulibadilika mitindo mitano: mtupu kabisa, wenye herufi moja ya Kichina ya kiwanda, wenye maneno yi li kushoto na kiwanda kulia, wenye Kimanchu pande zote mbili, na wenye Kimanchu huku na Kichina kule. Hiyo yi li maana yake sarafu moja ni sehemu ya elfu ya liang moja (kipimo cha uzito) ya fedha, yaani serikali imeandika kabisa kiwango cha kubadilishia juu ya sarafu, na wananchi wakaendelea kubadilishana kwa bei yao ya sokoni kama kawaida. Mimi nilizipata za mitindo mitatu, nimeridhika.

Baada ya mgongo kinachofuata ni rangi ya shaba yenyewe, na hapa watu wengi hawatazami kabisa. Sarafu za zamani sana, za Tang na Song, ni shaba iliyochanganywa na bati na risasi, zinaelekea wekundu au kijivu. Toka karne ya 16, wakati wa Ming, wakahamia kwenye zinki, ndo ile njano tunayoiona kwenye za Qing. Halafu mwaka 1740 Qianlong akaamuru waongeze bati kidogo, asilimia 2 tu, na sababu yake imekaa kijanja: watu walikuwa wanayeyusha sarafu wanatengeneza vyombo kwa vile shaba ndani yake ilikuwa na thamani kuliko sarafu, ukitia bati inakuwa ngumu na inavunjikavunjika ukitaka kuifua iwe sufuria. Kwa hiyo Qianlong wa mwanzo kabisa ni wa njano na wa baada ya hapo wanafifia kidogo, wanaelekea kijani. Ukizipanga mchana karibu na dirisha unaziona, usiku kwenye taa ya umeme zote ni kahawia.

Ukubwa nao una hadithi. Hizi sarafu hazikupigwa kwa mashine, zilisubiwa kwenye kalibu za mchanga. Fundi alichonga moja ya mwanzo kwa mkono, kutokana na hiyo wakasubu sarafu mama, na sarafu mama ndo zikakandamizwa mchangani kutoa za kutumia. Shaba ikipoa inasinyaa, kwa hiyo kila kizazi kinakuwa kidogo kuliko kilichokizaa. Sasa wahuni wa karne ya 18 na 19 ambao hawakuwa na sarafu mama walichukua sarafu ya kawaida wakaifanya mama, matokeo yake yanatoka madogo, mepesi, herufi zimevimba kingo. Kwenye mzigo wangu zipo kibao, hasa Qianlong, Jiaqing na Daoguang, na muuzaji hakusema kitu. Silalamiki, ni feki za wakati wao, zilizunguka sokoni na zile halali kwenye kamba moja, na wapo wanaozikusanya hizohizo tu. Ila lazima ujue unachoshika, na bila vernia hutajua. Na lile tundu la mraba lina kazi yake kiwandani: zikitoka kwenye kalibu walizivika kwenye fimbo ya mraba ili zisizunguke, wakazipiga tupa kingo zote kwa pamoja. Ile mistari ya tupa pembeni ni ushahidi mzuri sana, iangalie kwa lenzi.

Wageni wasioalikwa nao walikuwemo. Muuzaji aliandika "Qing", nimekuta za Kijapani za Kan'ei Tsuho, zilizoanza 1636, na moja ina mawimbi mgongoni, hizo ni za mon nne (mon ni hela yao ya zamani) zilizoanza 1768. Nimekuta za Vietnam nyembamba kama kipande cha debe, moja ya Quang Trung (1788–1792). Na mbili za Song ya Kaskazini, Yuan Feng Tong Bao (1078–1085), moja kwa mwandiko wa mihuri na nyingine kwa mwandiko wa mkono wa haraka, jina lilelile! Song walipenda hivyo, kusubu sarafu ya jina moja kwa miandiko miwili watu wazikusanye jozi, na hapo maandishi unayasoma kwa kuzunguka kama saa badala ya juu chini kulia kushoto. Usifikirie kuwa na umri wa miaka mia tisa kunazifanya ziwe ghali, viwanda vya Yuan Feng vilikuwa vinatoa kama sarafu bilioni tano kwa mwaka. Nyota sijakata kwa hawa wageni, nimefurahi kuwaona, mwenye kutaka Qing tupu yeye anaweza kununa.

Sasa ile moja niliyosema. Ilikuwa katikati ya lundo, nyekundu kweli, nene, nzito kuliko jirani zake, mbele Qianlong. Nikaigeuza. Kushoto Kimanchu, na kulia, wadau, Kiarabu. Herufi za Kiarabu zimelazwa kufuata upande wa tundu, ukiizungusha sarafu robo unasoma mwenyewe: Aksu. Ni ya Xinjiang. Qing walipoiteka nchi ile 1759 walikuta watu wake ni Waislamu wanaoandika Kituruki kwa herufi za Kiarabu, basi kuanzia 1760 kiwanda cha Yarkand na baadaye Aksu, Ush na vingine vikasubu sarafu za shaba karibu tupu, nyekundu, na jina la mji kwa lugha mbili. Na kuna mtego humo: Qianlong aliagiza kwamba huko Xinjiang jina lake liendelee kusubiwa hata baada ya yeye kuondoka kwenye kiti, kwa hiyo sarafu nyekundu yenye jina lake inaweza kuwa ya karne ya 19. Hii yangu bado naipima. Kwa bei ya mzigo mzima, hiyo moja imerudisha sehemu nzuri ya hela.

Na kule mwisho wa foleni kuna Guangxu mmoja wa Boo Guwang, anang'aa, kingo laini, herufi kama zimekatwa kwa wembe. Huyo ni wa mashine. Kiwanda cha Guangzhou kilifunguliwa 1889 kwa mitambo ya kampuni ya Heaton ya Birmingham, na mwaka 1900 hukohuko Guangzhou wakaanza kupiga zile sarafu za shaba zisizo na tundu kabisa. Heaton ni walewale, kama una senti za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu la duara angalia karibu na mwaka, zingine zina H ndogo, ndo wao. Feki nyingi za Kichina wauzaji wanazitetea kwa kusema "hii imepigwa kwa mashine ndo maana inang'aa", waambie wakuoneshe mgongoni jina la kiwanda kilichokuwa na mashine, kama hiyo Boo Guwang, wakishindwa waage.

Tuje kwenye seti. Wafalme watano ni Shunzhi, Kangxi, Yongzheng, Qianlong na Jiaqing, Wachina wanawafunga pamoja wanatundika mlangoni kwa ajili ya baraka na kufukuza mikosi, na kama hirizi hamna shida hata ikiwa mpya, kuna watu wanataka mpya. Tatizo tangazo lilisema "halisi za kale" na bei ikawa ya halisi. Nikazipima: zote tano kipenyo kilekile mpaka sehemu ya kumi ya milimita, uzito karibu mmoja. Haiwezekani! Shunzhi mpaka Jiaqing ni zaidi ya miaka 170 na serikali ilibadili uzito mara kadhaa hapo katikati. Nikageuza: zote tano mgongo wa Boo Ciowan uleule, na ule mwanya mdogo kwenye neno boo uko palepale kwenye zote, yaani kalibu moja imetumika. Pembeni hakuna alama ya tupa hata moja, tundu limekatwa kali kama bati. Halafu ile kutu ya kijani, nikachovya moja kwenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kijani ikabaki kwenye pamba na chini pakatokea shaba mpya ya njano. Kutu ya kweli haiondoki hivyo, imeshikana na shaba, ukiikwangua inatoka unga na chini yake unakuta wekundu. Hela sikurudishiwa, niliambiwa "sarafu ni nzuri rafiki, weka mlangoni".

Tahadhari kwa wenye tamaa kama yangu. Xianfeng alikuwa na vita ya Taiping, uasi mkubwa wa ndani, shaba ya Yunnan haifiki, hazina tupu, kuanzia 1853 wakatoa sarafu kubwa za thamani ya 10, 50, 100 mpaka 1000. Hizo kubwa zinapendeza sana kwenye picha na ndo zinazogushiwa kuliko zote, yako ya kwanza usiinunue kwa picha. Na mtu akikuletea Qixiang Tong Bao kwa bei ya kutupa, cheka uondoke. Lile jina la utawala lilichaguliwa 1861 Xianfeng alipofariki, haikufika hata mwisho wa mwaka mama yake mfalme mdogo, Cixi, akawapindua waliolichagua na jina likabadilishwa kuwa Tongzhi, kwa hiyo zilizosubiwa ni chache mno. Hazizagai kwenye vikapu vya matangazo.

Apu sasa. Unapiga picha, inazungusha zungusha, inakupa jibu na bei. Nilipiga Qianlong, ikasema Qianlong, safi. Nilipiga Jiaqing, ikasema Qianlong. Ile ya Kijapani, Qianlong. Ya Aksu ikasema Qianlong, dola elfu kadhaa, nunua kifurushi cha mwezi uone zaidi. Haikuomba picha ya mgongo hata mara moja kwenye toleo la bure, haikuuliza kipenyo wala uzito, sasa inatambua aina kwa kutumia nini? Hiyo nyota moja ni kwa sababu angalau inaonesha herufi kubwa kubwa unaweza kulinganisha. Ukiwa na hela ya usajili wake wa miezi michache nunua mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, masonara wanazitumia, Kariakoo zipo.

Usafishaji, kwa ufupi: maji safi ya betri yasiyo na madini (siyo tindikali), usiku mzima, mswaki laini, basi. Ndimu, siki, sijui Brasso, achana navyo, utaondoa kutu pamoja na ile ngozi ya miaka mia mbili na hakuna mkusanyaji atakayekupa hela.

Nimeulizwa kwa nini nimenunua Uingereza na si China kwenyewe ambako tuna mawakala wa mizigo kila kona ya Guangzhou. Sheria ya China inabana sana kutoa vitu vya kale nje ya nchi, hasa vya kabla ya 1911, kwa hiyo anayekutumia "za kale halisi" kwa posta ya bure kutoka huko ama anavunja sheria ama, mara nyingi zaidi, hana cha kale anachokutumia. Zile zilizoko Ulaya nyingi zilishatoka zamani. Na huku kwetu msije mkapata mawazo: sarafu za Kichina kweli zimeokotwa pwani yetu, mwaka 1945 ilipatikana hazina nzima Kajengwa kule Makunduchi, Unguja, nyingi za Song, na 2013 watafiti wakatangaza ya mfalme Yongle kutoka kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Lakini hizo zina thamani kwa sababu ya mahali zilipolala. Ukiona kitu kama hicho kwenye magofu Kilwa kiache hapohapo uwaite Mambo ya Kale, sheria yake bara ipo toka 1964, na ukikiondoa umeua habari yote, umebaki na Song ya shilingi elfu chache kama hizi mbili zangu.

Kwa anayetaka kuagiza mzigo kama wangu, mwambie muuzaji akutumie picha ya konzi moja iliyomwagwa mezani ikiwa imegeuzwa mgongo, siyo mbele. Akikataa tafuta mwingine. Mwulize pia kama robo isiyosomeka anaweza kuitoa, wa kwangu baadaye alisema angeitoa bila shida kama ningeomba, ila bei kwa sarafu ingepanda kidogo. Na bahati yangu ya Aksu usimtajie.